Kuulizwa Mara Moja

Anaeli alinipigia simu asubuhi nikiwa nachagua mchele, na kwa jinsi alivyoivuta ile shikamoo yake nilijua kuna msiba. Siku hizi simu ikiita mapema hivyo mimi hukaa kitako kwanza, ndipo napokea. "Dada Elinsia," akasema, "Manka ametutoka." Anaeli ni mdogo wake Manka, wa mwisho kwao, naye sasa ana mvi kuliko mimi. Akanieleza kwamba dada yake amefia hukohuko Italia, kwamba mwili unaletwa kuzikwa kwenye shamba la ukoo, kihambani kwao Masama, na kwamba unakuja na mtoto wake wa pekee, binti anayeitwa Chiara. "Mtoto hajui Kiswahili. Kiingereza anacho, lakini tangu mama yake afe hataki kukisema. Ukimuuliza kwa Kiingereza anakujibu kwa Kiitaliano. Nimewaambia watu yuko dada mmoja mjini, alijifunza pamoja na marehemu kwa yule mama wa Kizungu. Utatusaidia?" Nikamwambia magoti yananisumbua. Akaomba tena. Nikamwambia Kiitaliano changu kimeota kutu. Akaomba tena, kwa sauti ileile ya upole, ndipo nikasema haya, niletewe gari. Tangu alipofungua mdomo sote wawili tulijua kwamba nitakwenda.

Niseme ukweli, nimechoka na misiba. Si kwamba nimekuwa na moyo mgumu, ila nimefika umri ambao nguo ya kwenda kuzika hairudi sanduku la chini, inakaa juujuu. Nilirudi kwenye sinia langu la mchele nikajaribu kulia, machozi yakakataa. Kilichokuja ni maneno. Permesso. Prego. Buon lavoro. Yalikuja yakiwa na Kiingereza chake pembeni, vilevile yalivyokuwa yamepangwa ukutani mwa jiko lile, na chini ya Kiingereza ule mwandiko wa penseli wa Manka uliokuwa ukipanda mlima kila ulipofika mwisho wa mstari. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, nimesahau majina ya watoto niliowashika mikono kuandika herufi ya kwanza, lakini ukuta ule sijausahau. Mtu hachagui cha kukumbuka.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakaa Masama kwa Shangazi Ndewina, nikingoja matokeo ambayo yalipokuja hayakunipeleka popote. Manka alikuwa jirani, wa darasa langu, na matokeo yake yalikuwa kama yangu. Ndipo wakaja Waitaliano wa mabomba. Bwana Renzo alikuwa fundi wa maji, mrefu, mwenye kukohoa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kazini tu: leta, shika, ngoja, kesho. Mkewe, Signora Graziella, hakuwa na hata hicho. Walipanga nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, chini kidogo ya barabara, yenye veranda ya mbao iliyolia kila ulipoikanyaga. Walitafuta wasichana wawili wa kusaidia kazi za nyumba, waliosoma kidogo, na mchungaji akatutaja sisi. Tulifua, tulipiga pasi ya mkaa, tulipika, na mchana kazi zikipungua Signora alitukalisha kwenye meza ya jikoni kutufundisha lugha yake. Alisema hawezi kukaa mwaka mzima na watu ndani ya nyumba yake bila kuzungumza nao. Sijui kwa nini hakuanza yeye kujifunza chetu, lakini wakati ule hatukuliona hilo, na kwa kweli tulitaka sana.

Alikuwa na kijitabu kilichotungwa kwa ajili ya Waingereza wanaokwenda kutembea Italia. Akayachapa yale maneno kwa taipureta kwenye karatasi ndefu, Kiitaliano kushoto, Kiingereza kulia, akazibandika ukutani kwa uji wa ngano. Kiingereza chake kilikuwa cha kuunga, chetu kilikuwa cha darasani, kwa hiyo kila neno tulilifikia kwa kukatiza shamba la Mwingereza, na mara nyingi tukakuta njia ya kwetu ilikuwa fupi zaidi. Permesso, iliandikwa, na upande wa pili: "May I come in?" Manka akachukua penseli akaandika chini yake, hodi. "Mwingereza anaomba kuingia kwa sentensi nzima," akasema. "Mpaka amalize, wenyeji wameshalala." Prego kwa Kiingereza ilikuwa "You're welcome", lakini Signora aliitumia akikupa kiti, akikupa njia, akikupa chai na akijibu asante, hivyo tukaandika karibu na ikatosha kote. Kwa mi dispiace waliandika "I'm sorry", na kwa scusi vilevile "I'm sorry". Tulishangaa watu wanawezaje kuishi bila kutofautisha pole na samahani. Kwenye buon lavoro upande wa Kiingereza ulikuwa mtupu. Signora alieleza kwa mikono kwamba Waingereza hawana neno la kumwambia mtu unayemkuta kazini. Tukaandika kazi njema, na kwa mara ya kwanza tangu nianze shule nikamwonea Mwingereza huruma.

Sehemu kubwa ya kijitabu haikuwa na kazi yoyote kwetu. Stesheni iko wapi. Naomba hesabu. Je, chumba kina bafu? Masama hakukuwa na stesheni wala hoteli, na bafu lilikuwa nyuma ya nyumba. Lakini tulikariri vyote. Manka alijifunga taulo kiunoni akawa mhudumu, mimi nikawa mgeni tajiri, nikasema "Il conto, per favore," naye akaniletea ganda la ndizi kwenye kisosi. Kulikuwa na neno moja, magari, ambalo Kiingereza chake kilikuwa "if only". Tulicheka sana siku ile, maana Signora alikuwa akilisema huku ametazama dirishani, kwenye barabara ambayo hata trekta lilipita kwa nadra. Baadaye tulipozoea hatukucheka. Alikuwa akisema laiti, na alikuwa na upweke, mama yule.

Jiko lile lilikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena. Kwa upande mmoja ulikuwa moshi wa kuni za mgrivea, kwa upande mwingine kahawa yetu wenyewe ikitokota kwenye kibuyu cha chuma chenye kiuno chembamba. Kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuanika na kupeleka kwenye chama cha ushirika. Tukirudi nyumbani tunakunywa chai. Signora hakuamini. Alinimiminia kikombe kidogo cha kahawa ya Masama, nikaionja kwa mara ya kwanza nikiwa nimekulia katikati ya miti yake, na ilikuwa chungu vibaya. Alikanda unga kwa mayai, akaukata nyuzinyuzi, akazitundika kwenye mpini wa ufagio zikauke. Manka naye akawapikia mtori wetu wa ndizi, na Bwana Renzo akaongeza mara tatu, akawa kila akikohoa anauulizia kama dawa.

Mimi katika jiko lile nilishinda na njaa. Ilikuwa hivi. Mchana wakikaa kula, Signora aliniuliza, "Elinsia, mangi?" Unakula? Nami nikajibu kama nilivyolelewa, "No, grazie." Kwetu mtu haitikii chakula mara ya kwanza kama aliyekuwa anakichungulia. Unasema nimeshiba. Mwenyeji anasema haiwezekani, umeshibia wapi. Unasema basi kidogo tu. Mwenyeji anajaza sahani, na unamaliza. Signora alisikia no, akafunika sufuria. Hakuwa mchoyo hata kidogo. Siku moja alitueleza kwamba kwao, utotoni mwake, baba yake ndiye aliyeamua kila kitu, na msichana akisema hapana ilikuwa kama hajasema. Aliapa kwamba katika nyumba yake neno la msichana litachukuliwa kama lilivyotamkwa. Alilieleza hilo kwa fahari, macho yamemlowa, na mimi nikaitikia kwa kichwa huku tumbo linanguruma. Manka ndiye aliyeniokoa. Yeye aliitikia sì tangu siku ya kwanza, bila haya, na alipochoka kuniona nakonda akawa anachukua sahani yangu na kunipakulia mwenyewe, akimwambia Signora kwa Kiitaliano chake cha kupindapinda, "Lei vuole, signora. Lei vuole." Anataka. Signora alicheka, nami nikala.

Nimeieleza habari ya sahani kwa urefu kwa sababu nimeifikiria kuliko jambo lolote la mwaka ule.

Jioni moja, mwanzoni mwa mvua za vuli, tulikuwa tunaosha vyombo na dirisha liko wazi. Bwana Renzo na mkewe walikuwa verandani. Walizoea kuzungumza mbele yetu kama watu wanavyozungumza mbele ya ng'ombe, wakisahau kwamba wao wenyewe ndio waliotufungua masikio. Kazi ya mabomba ilikuwa inakaribia kwisha. Signora alikuwa na dada yake aliyefundisha kwenye chuo cha uuguzi kwao Italia, na dada huyo alikuwa amepata nafasi ya mwanafunzi kutoka huku, mahali pa kulala na kila kitu. "Una sola, Graziella," alisema Bwana Renzo. Mmoja tu. Signora akasema anajua, na kwamba moyo unamuuma. Mimi na Manka tulikuwa tumeingiza mikono kwenye beseni moja. Tulitazamana, kisha kila mmoja akashika sahani yake akaendelea kusugua. Njiani kurudi nyumbani tuliongea habari za mvua.

Niliutaka ule uuguzi kwa namna ambayo ilinitia aibu. Nilikuwa nimeshaona mbele yangu miaka yote ilivyopangwa, majani ya ng'ombe, kuni, kuolewa, na sikuwa na ugomvi navyo, lakini nilitaka kitu kimoja ambacho sikukizaliwa nacho. Nilijua Kiitaliano changu ni kizuri kuliko cha Manka. Signora mwenyewe alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni. Nikamweleza Shangazi Ndewina tukiwa tunamenya ndizi, nikijifanya ni habari ya kupitisha wakati. Yeye hakupandisha sauti. "Watakuuliza wewe kwanza," akasema, "na wewe usikubali."

"Nisikubali?"

"Usikubali siku hiyo. Mimi wakwe zangu walileta mbege, tukainywa, tukawaambia binti bado mdogo. Wakaleta tena, tukainywa, tukawaambia tutafikiri. Ningeitikia siku ya kwanza wangenihesabu mwenye njaa mpaka leo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyo mama akikutaka kweli atapanda mpaka hapa, atakaa kwenye kigoda hiki, atasema na mimi. Mtoto wa watu hachukuliwi kwa neno moja la jikoni."

Watu wa leo wakisikia hivyo watamwona Shangazi ni mama wa kizamani aliyeniharibia. Hakuniharibia. Alinipa alichokuwa nacho, na kwa watu wote niliowajua mpaka siku ile kilikuwa sahihi. Posa zote, ugomvi wote wa mipaka na mikopo yote ya ndama iliendeshwa hivyo. Hapana ya kwanza ilikuwa ni kufungua mlango na kumwonyesha mgeni kwamba nyumba ina wenyewe.

Signora aliniuliza kwenye meza ya jikoni, mchana, kuna jua baada ya mvua. Manka alikuwa kwenye kibao anakata vitunguu. Signora alifuta mikono, akakaa mbele yangu, akaongea polepole ili nisipoteze hata neno, na sikupoteza. "Elinsia, ti piacerebbe venire in Italia con noi? A studiare?" Ningependa kwenda nao Italia, kusoma? Kisu cha Manka kikasimama. Nikamtazama Signora usoni, nikatabasamu kwa heshima niliyofundishwa, nikasema kwa matamshi mazuri kuliko yote niliyowahi kutoa ndani ya nyumba ile, "No, grazie, signora. Sto bene qui." Asante, hapana. Niko vizuri hapa.

Yeye aliweka mkono wake juu ya wangu. Akasema, "Capisco." Naelewa. Macho yake yalikuwa na huzuni, na yalikuwa na kitu kingine ambacho ilinichukua miaka kukitambua. Alikuwa ananiheshimu. Akasimama akaenda kuangalia sufuria. Nikageuka kumtazama Manka, nikingoja lile neno lake, lei vuole. Manka alikuwa ameinama juu ya vitunguu. Kisu kikaanza tena.

Nikangoja. Hilo ndilo ninaloweza kusema kuhusu miezi iliyobaki ya mwaka ule. Signora akiniita jina nilifuta mikono kwenye aproni kabla ya kwenda, nikiwa na hapana ya pili mdomoni, ile laini, ya nitafikiri, na nyuma yake ndiyo niliyokwisha kuifanyia mazoezi nikitembea peke yangu kwenye migomba. Alikuwa ananiita kushika kamba ya nguo. Nyumbani Shangazi alisugua kile kigoda kwa mchanga na majani mpaka kikang'aa, akakiweka karibu na mlango. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Jioni alikuwa akitazama njia. Alifanya hivyo kwa wiki nyingi, kisha siku moja nikakuta kuku amelala juu ya kigoda na Shangazi hajamfukuza.

Habari nilipewa na Signora mwenyewe, kwa furaha, akidhani ananifurahisha na mimi. "Manka viene con noi." Manka anakuja nasi. Nilijua cha kusema, kilikuwa ukutani, mstari wa sikukuu na heri: "Auguri." Nikamkumbatia Manka kama inavyostahili. Siku iliyofuata tulikwenda pamoja mfongoni, ule mfereji wetu wa zamani wa kumwagilia, maana mabomba yalikuwa yameshatandazwa lakini maji yalikuwa bado hayajafunguliwa. Tulijaza ndoo. Mwishowe nikamuuliza, "Alikuulizaje?"

"Aliniuliza kama nataka. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza." Akajitwisha ndoo. "Mficha uchi hazai, Elinsia."

"Na mimi?"

Aliishika ndoo mpaka maji yakatulia kichwani. "Wewe ulijibu vizuri kuliko mimi," akasema, akatangulia.

Waliondoka kabla ya Krismasi, wakati ambao kila Mchaga anarudi nyumbani. Manka alivaa koti la Signora, kubwa mno, akawa anapandisha mikono ya koti kila mara. Kwenye karatasi za ukutani kulikuwa na msemo wa kumtakia mtu heri, in bocca al lupo, na Kiingereza chake kiliandika tu "Good luck" kikaficha mengine, maana wenyewe husema kinywani mwa mbwa mwitu, na mtu anajibu crepi, na afe. Nilimwambia hivyo kwenye dirisha la gari. Akajibu, sauti imekauka. Baada ya hapo nilikwenda kusomea ualimu, nikaolewa, nikahamia mjini, nikazaa, nikazika, nikastaafu. Manka akawa muuguzi kweli, akafanya kazi katika nyumba ya wazee hukohuko. Baadhi ya Desemba alirudi. Tulikula pamoja, tukacheka habari za ganda la ndizi kwenye kisosi, na hata siku moja hatukugusa lile jambo. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia hivyo. Ila kila alipokuwa akinipakulia chakula bila kuniuliza, nilikumbuka lei vuole, nikala hivyohivyo.

Tulimzika Jumamosi, chini ya migomba, karibu na mama yake. Chiara alikuwa mwanamke wa makamo, ana kimo cha Manka na paji la uso la Manka, amevaa nguo nyeusi nzito mno kwa jua lile. Nilisimama nyuma ya bega lake nikimnong'oneza alichokuwa akisema mchungaji. Kiitaliano kilirudi kwa shida. Pale kiliponikatika tulipitia Kiingereza, sentensi moja moja, naye hakukataa nikikisema mimi. Condoglianze, watu walipopita kumpa mkono. Nilimwambia hapa watu wanasema pole, neno moja, na yeye aseme asante. Alisema asante mpaka sauti ikaisha.

Baada ya chakula tulikaa kwenye benchi pembeni ya turubai. Anaeli alikuwa mbele yetu na sahani yake ya ndizi na nyama. Chiara akageukia kwangu akaanza kusema, polepole, kwa namna ileile ya Signora ya kumsubiri mtu. "Mama alinisimulia habari zako tangu nikiwa mdogo," alisema. "Elinsia aliyekataa kwenda." Nikamwambia ni habari ya zamani. "Alisema kwenu mtu huulizwa zaidi ya mara moja. Alisema yule signora hakujua. Mama alijua. Alikuwa palepale, na kila siku alikuwa akikusemea kwenye chakula, na siku ile akanyamaza. Aliogopa kwamba ukiulizwa tena, yeye hatakwenda." Akatazama mikono yake. "Alitaka kukuambia mwenyewe. Kila alipokuja huku Desemba alirudi akisema, mwaka ujao."

Nilikasirika. Najua kilichotarajiwa kwa mwanamke wa umri wangu, Mkristo, kwenye kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Lakini nilikasirika kweli. Kulijua jambo peke yako ni kitu kimoja, unaweza kulilaza na kuliamsha utakavyo, unaweza hata kujiambia kwamba huenda siku ile alikuwa anawaza vitunguu vyake. Kuambiwa ni kingine. Na aliyepaswa kuusikia ule ukali wangu alikuwa amelala chini ya mashada ya maua, nikabaki nao mdomoni.

"Anasemaje, dada?" Anaeli akauliza.

"Anasema mama yake alikuwa akimsimulia habari zetu."

"Ah. Alitupenda," akasema, akarudi kwenye sahani.

Chiara alikuwa amenisogelea. "Vieni tu," akasema. Njoo wewe. Chumba cha mama yake kipo, tiketi atatuma yeye, nikae nitakavyo, nione mji wao. Nikasikia kinywa changu kinajibu chenyewe kabla sijakituma, "No, grazie, cara. Sto bene qui."

Chiara aliukaza uso kama mtoto anayejaribu kutokosea somo. Akauliza tena. "Davvero, Elinsia. Vieni?" Kweli, utakuja?

Nilijua ni nani aliyemfundisha. Lilikuwa ni lile swali, ambalo Shangazi alilisugulia kigoda na ambalo nilifutia mikono kwenye aproni, limefika Masama likiwa limechelewa maisha mazima, na limeletwa na mtu asiye na kosa lolote. Nililitazama nikatafuta ndani yangu yule msichana wa kulijibu. Italia niliyoitaka mimi ilikuwa ya mtu mwenye miguu, mwenye kukesha wodini na kuamka kesho yake. Haikuwa chumba cha marehemu chenye nguo zake kabatini. Nina presha, nina magoti haya, na nilitaka kwenda kulala nyumbani kwangu. Nikamshika mkono nikamwambia, kwa Kiitaliano na kisha kwa Kiingereza ili pasiwe na shaka, kwamba ninamshukuru, na kwamba hapana hii ni ya kweli.

Alielewa, akanibusu shavuni. Wakamwita akaage wazee. Vijana wakaanza kukunja viti na Anaeli akaenda kutafuta gari la kunirudisha mjini. Mimi nikabaki kwenye benchi na mkoba wangu magotini. Kila Chiara alipogeuka upande wangu nilinyoosha mgongo, nikijua vizuri kabisa nilichomjibu, na bado nikingoja aje aniulize tena.